Breki ya Pusipusi

Haingo aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la shule kutafuta leso, akagusa nati. Akafa ganzi palepale aliposimama.

Aliijua bila kuitoa. Asubuhi ile, katika karakana ya shule, aliifungua ili arekebishe mpira wa breki uliokuwa ukisugua gurudumu. Mara mwalimu akawaita wajipange, naye akaitia mfukoni akijiambia atairudisha baadaye. Ilikuwa nati ya pili, ile inayoikaba ya kwanza isilegezwe na mtikisiko. Mwaka mzima Mwalimu Rado alikuwa amewaimbia wimbo huohuo: nati moja ni kubahatisha, nati mbili ndiyo kazi.

Na breki yenyewe sasa ilikuwa kileleni mwa mteremko, nje ya lango la shule, chini ya pusipusi ya kaka yake Njara. Mji mzima wa Antsirabe unatembea kwa vigari hivyo vya magurudumu mawili vinavyovutwa na mtu, na hakuna hata kimoja chenye breki. Mvutaji hujizuia kwa visigino vyake, na mteremko ule wa kushuka mtoni umeshavunja miguu ya watu. Darasa la Haingo lilikuwa limeunda breki kwa waya wa baiskeli na vipande vya tairi kuukuu. Ikishika, karakana itabaki. Isiposhika, afisa wa elimu aliyekaa pale kwenye kiti cha plastiki atakigeuza chumba chao ghala la madawati mabovu. Haingo hakuwa na kingine alichokipenda katika shule ile, na kuipoteza karakana aliogopa kuliko kufeli.

Abiria alikuwa Mzee Ratsimba, mwenyekiti wa wazazi, mtu mwenye mwili wake. Alipokwisha kujiweka sawa kitini, badala ya kusema twende, alianza kuhutubia humohumo. Njara akatua mikono ya kigari chini. Alikuwa anawajua wazee.

"Mimi si mkubwa wa kusema mbele ya wakubwa," Mzee alianza. "Lawama naiomba ipite kando, isinikute mimi wala nyinyi mnaonisikiliza."

Kisha akaanza kuwasalimu mababu waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Hotuba kwetu haikatizwi. Mvua ikija, watu huloa wakisikiliza. Mtoto wa kike akimkatiza mzee anayewataja mababu, lawama itamfuata mpaka kwao na kukaa jikoni pamoja nao.

Haingo alimvuta mwalimu mkono wa shati. "Mwalimu."

"Shh!"

"Mwalimu, kuna kitu..."

"Mzee hajamaliza, Haingo! Unataka kutuaibisha leo, mbele ya mgeni?"

Akanyamaza. Na tuseme kweli, alifarijika. Si alishasema? Mwenye kukataa kusikia ni mwalimu. Huenda nati ya kwanza ingeshika, mteremko wenyewe si mrefu, na kaka yake ana visigino vya chuma. Adabu ilikuwa kisingizio tu, naye alijificha nyuma yake.

Mzee alitoka kwa mababu akaingia kwenye mvua, akatoka kwenye mvua akaingia kwenye mpunga, akawashukuru waliojenga ukuta wa shule na waliouangalia ukijengwa. Njara alimtazama dada yake, akalaza shavu kiganjani akijifanya anakoroma. Haingo hakuweza kucheka.

"Basi twende, tuone watoto wametupikia nini!"

Makofi yakalia. Njara akainua mikono ya kigari, akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Gurudumu likaanza kuuonja mteremko.

"Kaka, weka chini! Weka chini! Breki haijafungwa!"

Hakukumbuka kuomba radhi. Alijikuta yuko mbele ya kigari, mikono ameitanua. Njara alikita visigino, mavumbi yakatimka, mkono wa kigari ukampiga Haingo begani, na wazazi wawili waliokuja kutazama wakakidaka kiti kwa nyuma. Kikasimama.

Mzee Ratsimba akavuta kofia yake iliyomwangukia usoni.

"Nani amemlea mtoto huyu?"

"Mimi, Mzee," alijibu Njara akihema. "Wazazi wetu hawapo."

Haingo alifungua kiganja. "Kosa ni langu. Nati hii nimeisahau mimi. Ingefunguka njiani."

Mwalimu Rado alishika kichwa. Afisa alisimama, akaja kuchungulia chini ya kiti. Mzee aliitazama nati, kisha akautazama mto kule chini, akateremka polepole.

"Ifunge. Kisha upande wewe. Aliyefunga ndiye wa kupanda."

Haingo alilala chali mavumbini na spana yake. Alikaza. Akakaza tena. Alipopanda, Njara akainua mikono ya kigari. Waliondoka taratibu, kisha mbio, nyumba zikapita, upepo ukamjaza koti, na kaka yake hakukita visigino kabisa. Alibana breki. Mpira ukalia, gurudumu likashikwa, na kigari kikasimama hatua chache kutoka kwa wanawake waliokuwa wakifua.

Juu kule walipiga vigelegele. Afisa alikuwa akimpa Mwalimu Rado mkono, na mwalimu aliruka kama mtoto. Karakana ilikuwa imepona. Haingo alilia kwa furaha.

"Ulijua tangu lini?" Njara aliuliza. Hakugeuka nyuma.

Angeweza kudanganya.

"Tangu kabla hajawasalimu mababu."

Njara aliipitia hotuba upya kwa sauti ya chini: mababu, mvua, mpunga, ukuta.

"Ilikuwa ndefu, mdogo wangu," alisema. "Hotuba ile ilikuwa ndefu sana."