Bega la Gauni la Kijani

Mtaa mzima ulimwita Mzee Lawama, naye hakukataa. Paa likivuja, wakubwa. Umeme ukikatika, wakubwa. Hata cherehani ikikata uzi, alijua pa kuwatafutia wakubwa kosa. "Wanakula wao, tunavimbiwa sisi," alisema na pini mdomoni, na wateja wakacheka. Tangu awe mgane walicheka kidogo kidogo, maana sasa lawama zake zilikuwa zimepata pa kukaa.

Mkewe aliugua ubavu. Maumivu yalimvuta upande wa kushoto mpaka bega likashuka, na kila alichovaa kikawa kama kimetundikwa kwenye msumari. Fundi ni fundi. Akamkatia gauni la kijani, bega la kushoto akalishusha vidole viwili lifuate mwili, na ubavuni akaacha mfuko usio na chini, ili mkono upite ukakande panapouma. Vifungo vyeupe vilipopungua, aling'oa kimoja cheusi kwenye koti lake akakitia cha tatu. Ndilo gauni alilokwenda nalo hospitali, na hakurudi. Mumewe alipofuata nguo za marehemu, akaambiwa dirishani kwamba zimechomwa moto.

"Kwa amri ya nani?"

"Ya wakubwa, mzee. Sogea basi, kuna watu nyuma yako."

Akasogea. Mnyonge atafanya nini?

Haikupita miezi mingi akaliona gauni kwenye runinga. Alikuwa saluni kwa msusi, jirani yake wa chini, akipima dirisha la kutiwa pazia, na sinema mpya ikionyeshwa. Mwanamke mzuri ameegemea mlango, anamsubiri mpenzi asiyekuja. Bega la kushoto limeshuka, mkono umezama ubavuni. Kifungo cha tatu cheusi.

"Hilo gauni la mke wangu," akasema.

"Heh! Leo wakubwa wamekuibia mpaka sinema?" Saluni ikaangua kicheko. Yeye akaisogelea runinga, akavihesabu vifungo.

Kufa kufaana. Wa hospitali kauza, wa sinema kanunua kwenye lundo la mitumba asijue la nani. Yule mwigizaji, gauni likimkaa upande, akashusha bega lake kulifuata. Mkono wake ukakuta tundu, ukaingia. Watu wakaona uzuri. Fundi alikwenda hospitali kulalamika, akaambiwa mkubwa yuko kikaoni. Alirudi tena, mkubwa yuko safarini. Mara ya tatu hata mlinzi alimcheka.

Wateja nao hawakungoja. "Fundi, nataka lile la sinema." Alijaribu kuyasawazisha mabega, wakamrudishia. "Umekosea hapa, lishushe! Na kifungo cheusi kiko wapi?" Tumbo halina subira. Akashusha.

Siku moja akapanda kwake bibie mmoja, mshughulikia mavazi wa kampuni ya filamu, anajiandaa kwa sinema ya pili. Hakuuliza kitu. Alikaa dirishani asubuhi nzima akiwachora wanawake waliopita chini.

"Wanavyoinama!" akasema mwishowe. "Sisi hatukuwaonyesha hivi. Wametuzidi. Fundi, nikatie kama hayo ya hapa mtaani, ila bega lishuke zaidi."

Sinema ya pili ikatoka na bega limeshuka kweli kweli, na mtaa nao ukashuka. Sinema ikauiga mtaa, mtaa ukaiga sinema, kama watu wawili wanaoitana gizani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeijua njia.

Lakini kilichomtia fundi baridi ni ngazi za duka lake. Mkewe alikuwa akizipanda mpaka katikati, anasimama, anavuta pumzi mbili fupi na moja ndefu, ndipo anaendelea. Hilo halikuwamo katika sinema yoyote. Alizitazama zote mbili mpaka mwisho apate kuhakikisha. Na sasa mteja baada ya mteja alisimama palepale katikati, akavuta mbili fupi, moja ndefu. Fundi akawa anawasikia kabla hajawaona, na kila mara moyo wake uliruka kwenda mlangoni kabla akili haijaukamata.

Msusi naye alipopanda akipumua hivyohivyo, fundi akamuuliza, "Nani alikufundisha kupumua vile?"

"Makubwa! Kupumua nako kunafundishwa? Inakuja yenyewe, mzee wangu." Akacheka, mkono ubavuni.

Binti yake wa pekee akarudi wakati huo. Muda wote wa ugonjwa alikuwa kwa shangazi yake, mbali, kwa hiyo mama aliyemkumbuka ni mama aliyesimama wima.

"Baba, na mimi nikatie. Mtoto wa fundi nitembee kama gunia?"

"Kata shingo yangu kwanza."

"Jamani, gauni tu!"

"Nimeshasema, mama. Lolote, lakini si hilo. Nguo ile ilishonewa maumivu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi akaja nalo, kalinunua sokoni, kageuka mara mbili mbele ya kioo kumchokoza baba yake. Fundi hakugomba. Aliliomba kwa upole, akalipeleka uani, akalimwagia mafuta ya taa. Akasimama palepale mpaka vifungo vikapasuka, aone kwa macho yake kwamba safari hii limeungua kweli. Usiku ule alilala.

Asubuhi akamkuta binti anaosha vyombo, amevaa fulana kuukuu. Bega la kushoto limeshuka.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, Baba?"

Fundi alimshika mkono wakaenda hospitali ileile, maana nyingine haikuwapo. Wakakuta benchi refu la wasichana, wote wameinamia kushoto kama miti ya mahali penye upepo, wengine wakicheka, wengine wamenyamaza. Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Yeye mwenye jicho la kupima mwili kwa mbali hakuweza kujua yupi anaumwa na yupi amependeza.

Daktari alikuwa kijana, amechoka. "Mzee, umewaona wa benchini? Nikiwalaza wote, vitanda vitatosha? Ni mtindo huo. Tuna agizo kutoka juu, tusimalize dawa kwa mambo ya sinema."

"Juu kwa nani? Hao wa juu wamemwona huyu?" Fundi akamsukuma binti mbele. "Hana gauni! Mtazame, hana gauni!"

"Ni mazoea tu, mzee." Akaanza kuandika kwamba hana ugonjwa.

"Mama," fundi akamwambia binti yake, "simama wima daktari akuone. Shusha mkono."

"Nimeshaushusha, Baba."

Kalamu ya daktari ikasimama. Mkono wa kushoto wa binti ulikuwa ubavuni, vidole vimezama kwenye fulana kama kwamba kuna tundu. Fundi aliushika akauvuta taratibu. Ukaja mwepesi, bila kupinga. Alipouachia ukarudi. Binti alikuwa akimtazama baba yake usoni, anashangaa kwa nini analia.

"Dada," daktari akasema, kiti kikilia nyuma yake, "hebu jaribu tena. Ushushe."

"Uko chini, daktari. Si huu hapa?" Akainua mabega kuonyesha. Liliinuka moja.

Daktari akaichana ile karatasi, akamwita muuguzi atafute kitanda, na kama hakuna, akitoe ofisini kwa mkubwa.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi, msichana mmoja aliyeyasikia yote akajaribu kuushusha mkono wake, huku akicheka. Akajaribu tena, bila kucheka.