Mwisho wa Kitabu cha Tisa

Aliyesikia la mkuu ndiye aliyevunjika guu. Mimi nilisikia la Mwalimu Anatole neno kwa neno, na ndiyo sababu mwaka wangu wa kusoma umeniishia nikiwa nimesimama mbele ya kanisa zima kama mwizi wa mbuzi.

Mwalimu Anatole ni mkubwa wa komite ya vijana katika kanisa letu hapa Baraka, kando ya ziwa. Januari hii ya 2001 alitangaza shindano: kijana atakayesoma vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi, na kukieleza mbele ya watu Jumapili ya mwisho ya mwezi, atapewa kufundisha darasa la tano katika shule ambayo kanisa linaifungua upya kule Fizi, juu milimani. Nina diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, tangu mwaka 1998. Miaka mitatu nimekuwa nikifundisha mihogo kukauka. Nililitaka darasa lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Vitabu vilikuwa ndani ya kasha moja, vimerudi na wakimbizi kutoka Kigoma, vipatavyo thelathini. Zaidi ya nusu havikuwa na mwisho. Vita vilipoingia, karatasi ilikimbia kabla ya watu, na wavuta tumbaku wetu wana adabu yao: wakikuta kitabu, wanachana nyuma, maana mbele ndipo msomaji alipo.

"Mi siharibu kitu, dada Solange," aliniambia jirani yetu Roger, akisokota tumbaku kwa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. "We uko bado ku mwanzo. Ukifika huku tutaongea."

Nilipofika huku, hapakuwa na huku.

Mshindani wangu, Guy, alikuwa na akili ya kuchagua vile vyembamba vilivyosalimika. Ufugaji wa kuku, kurasa kumi na sita. Uchimbaji wa choo, kurasa kumi na mbili. Machi alieleza choo saa nzima na bamama, wanawake wa kanisa, wakamwuliza maswali. Nakiri kwamba alieleza vizuri. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Juni risasi zililia, tukapanda kujificha mashambani, njia ya Fizi. Mama yangu, Marthe, alinikuta nafunga kitabu cha sita katika kitenge, juu ya beseni la unga.

"Tutapika hicho?"

"Nina mpaka Jumapili ya mwisho, mama."

"Na baaskari wanajua Jumapili yako?"

Akakitoa kitabu, akaweka sufuria. Nikakitia ndani ya sufuria. Nilikieleza huko porini mbele ya watu sita wenye njaa, na tuliporudi, komite ilibishana wiki mbili kama porini ni mbele ya watu.

Kisha Septemba, kitabu cha tisa. Riwaya isiyo na jalada. Mjane ananyang'anywa shamba na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Anatembea siku nne hadi mahakamani. Anatukanwa, anangoja, anarudishwa, anarudi tena. Baada ya kurasa mia mbili hakimu anavaa miwani na kusema, "Mahakama imeamua." Hapo pakachanwa.

Nilimwendea Roger.

"Umevuta hukumu ya mahakama."

"Kumbe. Ndiyo maana nilikohoa."

Nikaenda kwa Mwalimu Anatole kuomba kitabu kihesabiwe hivyo hivyo.

"Kitabu bila mwisho hakihesabiki, mutoto yangu. Iko kama safari ya kuishia ku mto."

"Mwisho haupo, Mwalimu. Umevutwa."

"Basi utafute. Muntu wa diploma anashindwa kutafuta?"

Niliutafuta mahali pekee ulipoweza kupatikana, kichwani mwangu. Niliandika kurasa nne nyuma ya fomu za zamani za chanjo. Hakimu akamrudishia mjane shamba lake, pamoja na mazao yaliyokuwamo. Jumapili nikasoma. Hakuna aliyeuliza kurasa zile zimetoka wapi, nami sikusema. Mwalimu Anatole, ambaye alijua, aliandika alama yangu ya tisa na kunipa mkono.

Ila kwenye benchi la bamama alikuwa ameketi Mama Marie. Mumewe alifia kambini, ng'ambo ya ziwa. Aliporudi na wanawe alimkuta shemeji yake, Papa Henri, mzee wa kanisa, ameshapanda mihogo katika shamba la Mama Marie, kule Mutambala. Wote tulijua. Wote tulisema ni mambo ya ukoo, tukaendelea kuimba.

Baada ya ibada Mama Marie alinishika kiwiko.

"Hakimu alisema na mazao pia?"

"Na mazao pia, mama."

Jumatatu aliingia shambani na jembe. Papa Henri alipokuja kumfukuza, Mama Marie alimwambia mbele ya majirani, "Shemeji, ata kitabu ilisema. Na we ulikuwa ku kanisa, ulisikia." Hata shefu wa kijiji aliposikia kwamba jambo limesomwa kanisani, alimwacha alime. Kwa miezi miwili Papa Henri hakupata neno la kukijibu kitabu.

Akaagiza jibu Kigoma. Fabien, mwendesha boti, akamletea riwaya ile ile, nzima, na jalada lake. Wiki iliyopita Papa Henri aliusoma mwisho kanisani mbele yetu, kidole kikifuata kila herufi. Hakimu anampa shemeji shamba. Mjane anakunja mkeka wake na kuhamia mjini. Basi.

Leo ilikuwa Jumapili ya kufunga hesabu ya mwaka. Mimi vitabu kumi na viwili, Guy kumi na viwili, na komite ilikuwa imeshaamua kwamba riwaya ni nzito kuliko choo. Kabla ya ibada Mwalimu Anatole alinivuta nyuma ya kanisa.

"Useme tu mwisho ule ulikuwa uongo wako, uombe msamaha. Marie atatoka ku shamba, Papa Henri atatulia, na we kesho unapanda Fizi na chaki yako."

"Ni wewe uliyeniambia niutafute."

"Nilisema kutafuta. Sikusema kutunga."

"Ulitaka niutafute wapi, Mwalimu? Kwenye mapafu ya Roger?"

Alinisindikiza ndani kwa upole, kama anayempeleka mgonjwa.

Nikasimama. Mama Marie hakunitazama. Alikuwa akitazama viganja vyake. Papa Henri alikaa mbele, riwaya juu ya magoti.

"Tunangoja, binti," alisema.

"Mwisho niliousoma Septemba niliuandika mimi," nikasema. "Wa kitabu ni huu wa Papa Henri. Mwandishi aliandika alivyotaka, ni haki yake. Lakini shamba la Mama Marie haliko ndani ya kitabu chake wala ndani ya kurasa zangu nne. Liko Mutambala. Alililima miaka kumi na mmoja na mumewe, na ninyi nyote mliokaa hapa mlikula mihogo yake kabla ya vita. Hakuna hata mmoja wenu aliyehitaji hakimu wa riwaya kujua ni la nani. Mlihitaji tu mtu mwingine aseme."

Benchi la bamama likawa na minong'ono. Papa Henri alifunga kitabu.

"Hayo tumesikia," alisema Mwalimu Anatole, kalamu mkononi, jina langu mbele yake. "Sasa msamaha, Solange. Neno moja tu, tuendelee."

"Darasa la tano mpeni mnayemtaka," nikasema. "Msamaha siombi."