Kabati la Vishikio Sita

Fundi hakuwa amerukwa na akili. Mbao alizijua kwa harufu tu, na anayebisha akaulize mtaa mzima. Tatizo lilikuwa mikono. Kwa miezi kumi na minne ya lile gonjwa karakana yake haikutoa kitu kingine ila majeneza. Asubuhi anaranda, jioni anaranda, mpaka mikono ikazoea. Gonjwa likaondoka, mikono haikupewa taarifa.

Meza ya kulia chakula aliyomtengenezea kinyozi ilikuwa pana mabegani, nyembamba miguuni. Mama mmoja aliagiza kitanda cha mtoto. Alipokiona alimkumbatia mwanawe akatoka bila kuaga. Hata Fundi akisalimiana na mtu, jicho lake lilipanda na kushuka, utosini mpaka kisiginoni, na mtu akajua anapimwa. Wengine wakimwona kwa mbali walichuchumaa.

Yote hayo angeyavumilia, ila alikuwa anataka kuoa. Mchumba wake alikuwa muuguzi wa wodi ya mahututi, naye alitoka huko na yake. Hakuweza kukaa na binadamu yeyote chini ya mita mbili. Mapenzi yao yakawa ya benchi refu, yeye ncha hii na Fundi ncha ile, wakitupiana maneno matamu kwa sauti ya juu kiasi kwamba wapita njia walijua wamefikia wapi.

Kikwazo kilikuwa mama yake Muuguzi, Mwalimu wa darasa la nne. Mwaka mzima alifundisha kupitia kompyuta, na sasa hakuweza kuanza sentensi bila kuuliza kama anasikika. Mwaka huohuo alifiwa na mumewe. Makaburini waliruhusiwa watu kumi tu, naye alikuwa amefungiwa karantini, hivyo mazishi aliyatazama kwenye simu. Picha iliganda jeneza likiwa hewani. Mtandao uliporudi, walikuwa wameshafukia na kuondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akitoa chozi, hata la kitunguu.

Siku Fundi alipokwenda kuposa, Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unanisikia, baba?" akasema. "Habari za meza ya kinyozi zimenifikia. Simtoi mwanangu akalazwe kwenye sanduku. Nitengenezee kabati la nguo. Likiwa kabati, utamwoa. Likiwa lile jingine, msahau."

Fundi alijifungia karakanani siku tisa. Alibandika picha za makabati ukuta mzima. Muuguzi alisimama mlangoni kila akitoka zamu, na patasi ikianza kupotoka kuelekea umbo la mabega, alipiga kelele kama anamwona mgonjwa anashuka kitandani. Siku ya kumi kabati lilisimama, pembe nne, milango miwili na kioo. Fundi alilizunguka mara tatu akihesabu pembe tu, akalibusu.

Gari halipiti kwenye kichochoro cha kwa Mwalimu, kwa hiyo waliitwa wachukuzi sita. Mkubwa wao akauliza washike wapi.

"Si kuna vishikio," Fundi akajibu, kisha akageuka kuangalia alichokisema. Vitatu kulia, vitatu kushoto, vya shaba, vinang'aa. Wallahi hakukumbuka kuvifunga. Kuving'oa kungeacha matundu, na Mwalimu alikuwa akisubiri. Akatafuta kitambaa cha kuvifunika. Kilichotosha kilikuwa kimoja tu, shuka jeupe.

Wakalilaza kabati, wakalinyanyua mabegani. Wale wachukuzi nao hawakuwa wamebeba magunia tu wakati wa gonjwa. Miguu yao ikashika mwendo wa polepole bila kuambiwa. Wakafika kwa kinyozi. Kinyozi akazima mashine kichwa cha mteja kikiwa nusu, akavua kofia, akafuata. Mteja naye akafuata na nusu yake. Muuza mboga akauliza nani katutoka.

"Hakuna, mama. Ni kabati."

"Pole sana, baba," akasema, akaanza kulia. "Mimi dada yangu sikumzika."

Fundi alitangaza mara saba kwamba ni kabati, mara ya mwisho akiwa amepanda juu ya ndoo. Walimsikia vizuri. Walilia hivyohivyo, huyu baba yake, yule jirani yake, kondakta mmoja akamlilia bosi ambaye hata hakumpenda. Muuguzi alikimbia huku na huko akiwapanga mita mbili mbili, na msafara ukarefuka mpaka mkia wake ukabaki sokoni.

Walipofika, Mwalimu alikuwa mlangoni. Wachukuzi wakalitua kabati taratibu. Shuka likateleza, vishikio vikaonekana vyote sita. Fundi akajua ndoa imekwenda na maji.

"Mama," akaanza, "hii mikono yangu..."

Mwalimu hakumtazama. Aliweka kiganja juu ya mbao, akakiacha pale. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na kulia kwa sauti ambayo darasa la nne halijawahi kuisikia. Alilia, akapumzika, akaletewa maji, akaendelea. Hakuna aliyeondoka.

Alipotosheka aliingia ndani, akarudi amekumbatia makoti ya marehemu mumewe. Wachukuzi wakalisimamisha kabati palepale uani, naye akayatundika moja moja, akifuta vumbi la kola. Akafunga mlango.

Fundi alisubiri mpaka uvumilivu ukamwishia. "Kwa hiyo, mama," akauliza, "ni kabati au si kabati?"

Mwalimu akapenga kamasi na kulitazama kabati juu mpaka chini.

"Ni kabati," akasema. "Mwoe. Lakini kitanda mtanunua dukani."