Rejeta ya Pili

Kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi, Orpah alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake Kendu Bay akichambua omena, dagaa wa ziwani. Jirani yake Monicah alileta birika, akaliweka juu ya magoti ya Orpah, akangoja. Ndege ikinguruma upande wa uwanja, maji yalianza kuimba.

"Leo anaenda wapi?" Monicah aliuliza.

"Migori. Weka majani. Yatachemka kabla hajavuka Mto Kuja."

Ndege ilikuwa ya Dishon, mwana wa Orpah. Aliiunda mwenyewe mwaka 1969 kwa mbao na turubai, akaifunga injini aliyoitoa kwenye gari la Kijerumani lililopinduka. Ilikuwa ya aina ile mpya isiyo na pistoni, ambayo ndani yake kipande cha pembe tatu huzunguka tu. Injini hiyo ni nyepesi na ina nguvu, ila ina joto la tanuri. Joto lingine hubebwa na maji, lingine na oili, kwa hiyo inataka rejeta mbili za kuipoza. Dishon alizifunga zote mbili, ndege ikakataa kuinuka na abiria. Akaifungua ile ya oili, akaitupa stoo. Kuku akatagia juu yake.

Siku ya kwanza ya kuruka na rejeta moja, geji ilifika kwenye alama nyekundu magurudumu yakiwa bado chini. Maji yalikuwa yamepungua. Dishon alikimbia na debe nyumbani kwa mama yake, akachota mtungini mwenyewe, akajaza rejeta. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyejichotea. Orpah ndiye aliyekuchotea, nawe ukapokea kwa mikono miwili. Lakini Orpah alikuwa shambani, na abiria alikuwa ameshakaa.

Tangu siku hiyo sindano ya geji haikupanda tena. Joto lilikwenda kwa Orpah. Nesi wa zahanati alimpima, kipimajoto kikapasuka, akamwandikia dawa ya malaria.

Dishon alijua. Jioni alimkuta ngozi ya magoti imebabuka, akampaka mafuta.

"Nitaifunga ile rejeta, Mama."

"Utaifunga, nyathina. Wewe ni mwanangu."

"Kuku akimaliza kuatamia."

Vifaranga wakatoka, wakakua, wakaliwa.

Orpah aliingoja Jumamosi. Wao walikuwa Wasabato, na Sabato Dishon hakurusha ndege. Siku hiyo Orpah alivaa gauni jeupe akaketi kanisani, mwili umepoa kama mtungi wake.

Kisha akaja Nchagwa, mfanyabiashara wa Suna, Mkatoliki.

"Jumamosi naoa Homa Bay," alisema. "Nataka nishuke kutoka juu, wakwe wanione."

"Jumamosi hatufanyi kazi."

"Kwani kukaa ni kazi? Si injini ndiyo inafanya?"

Dishon alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasema atamchukua.

Jumamosi, katikati ya wimbo wa pili, kitabu cha nyimbo kilianza kukunjamana mikononi mwa Orpah. Wanawake wa benchi lile walisogea kumpa nafasi. Mmoja alimwekea leso mbichi shingoni, ikakauka. Mzee wa kanisa aliomba madirisha yafunguliwe. Mngurumo ukapita juu ya bati.

"Ni Dishon," Monicah alinong'ona.

"Najua. Imba."

Huko juu Dishon aliitazama geji njia nzima, akitamani ipande. Haikupanda.

Jioni aliingia kwa mama yake, akakaa. Orpah alimchotea maji kwa mikono iliyojaa malengelenge. Dishon akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Njiani alikuwa amepanga maneno kuhusu rejeta.

"Mama."

"Sema."

"Nchagwa anataka kurudi Suna kesho. Na mkewe. Mkewe ni mwembamba, watatosha kiti kimoja."

Orpah alifunua mtungi tena.

"Leta debe," alisema. "Safari hii nikuchotee mwenyewe."

Debe lilikuwa mlangoni. Dishon alikuwa amekuja nalo.