Mikono ya Kitinda Mimba

Mama alipochungulia dirisha la chekechea, damu ilimchemka. Kitinda mimba wake alikuwa amekalishwa pembeni peke yake, mikono imefungwa kwa mtandio wa mwalimu. Aliingia bila hodi.

"Anapigapiga makofi, mama, anatuvuruga," mwalimu alijitetea. "Na herufi hajui hata moja. Nikimuuliza, kimya kama maji mtungini."

Mama aliufungua ule mtandio huku akisaga meno. "Haya, mwanangu, soma kama nyumbani."

Mtoto akapiga kofi, akasema a. Akapiga jingine, akasema be. Akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho, bila kukosea.

"Kumbe anajua!" mwalimu akashangaa. "Sasa mbona mimi hanijibu?"

Mama akamtupia mtandio wake. "Angekujibuje, na mikono umemfunga?"