Sabuni ya Ankete

Kwa miezi mitatu Phébé Ngoie hakugusa sabuni. Alioga maji matupu, akafua kwa majivu. Ndiyo sheria ya ukoo wa marehemu mumewe, Kalala, fundi wa reli: mjane haogi kwa sabuni mpaka ndugu wa marehemu amletee kwa mkono wake. Akishaipokea, kilio kimeoshwa, na papo hapo yeye ni mke wa aliyemletea, pamoja na nyumba na vyote vilivyomo. Akiikataa, anabaki na kilio chake. Hakuna wa kumpa mkono wala wa kununua unga wake sokoni.

Ndugu huyo alikuwa Monga, mwenye mke tayari ng'ambo ya ua, na mkono wa birika asiye na mfano. Alikwisha kutangaza kwamba Jumapili ndiyo siku. Kilichomchelewesha, Phébé aliamini, ni bei ya sabuni.

Phébé hakumtaka hata kidogo. Matofali ya nyumba ile aliyafyatua na kuyachoma yeye na Kalala, msimu mzima, huku Monga akipita njiani na kuwatakia kazi njema.

Alhamisi asubuhi akabisha msichana wa ankete, uchunguzi wa kuhoji kaya, mwenye tableti na katoni ya sabuni. Jina lake Priscille.

"Mama, benye ankete balipigaka simu hapa mwezi yenye ilipita," alisema. "Nyumba ilijibu, ikapata unite za kuita. Sasa mu kila nyumba kumi, moja tunarudia kuiuliza uso kwa uso. Mwenye kujibu kwa mudomo anapata sabuni."

"Nani alijibu?"

"Iko hapa: chef wa nyumba, Monga. Benye kulala humu: Monga, bibi yake, na mujane mumoja."

Monga mkuu wa nyumba, yeye mujane mumoja! Hata jina hana, na watoto wake wawili hawakutajwa. Papo hapo Phébé akaikumbuka simu. Simu ya Kalala, yenye namba ya nyumba, Monga aliitia mfukoni siku ile ile ya maziko, eti anaihifadhi. Kumbe ameijibia nyumba ya watu, na unite, salio la simu, akazila.

Monga mwenyewe akatokea, kandambili zikipiga kisigino. Alipoiona katoni, uso ukamchangamka.

"Minyi nilisha kujibu yote," alimwambia Priscille. "Leta sabuni ile, nitamupa mujane mimi mwenyewe. Siku ya Mungu ni leo, hatungoji tena Jumapili."

Akanyoosha mkono. Phébé akaona maisha yake yote yakielekea kwenye kiganja kile, tena bure, bila hata faranga moja kumtoka.

"Usimupe!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye akashtuka. "Binti, masuali yako iko ya nani?"

"Ya ule mukubwa mwenye kulala mu nyumba, mama."

"Njo minyi," alisema Phébé, akijigonga kifua. "Uliza."

"Phébé, nyamaza," alisema Monga.

"Miezi tatu nilinyamaza. Uliza, binti."

Priscille akamtazama Monga, akamtazama Phébé, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Chef wa nyumba?"

"Phébé Ngoie. Andika majina yote mbili."

"Bantu ngapi banalala humu?"

"Batatu. Minyi na batoto yangu babiri. Ule analala kule." Akamwonyesha Monga kwa kidevu.

"Nyumba iko na simu?"

"Iko nayo. Inakaa mu mufuko ya shemeji."

Priscille aliuma mdomo asicheke. Maswali yakaendelea: maji, choo, mashamba, magonjwa. Phébé hakukosa hata moja. Mwisho akaweka kidole chake kwenye kioo, na msichana akamnyooshea kipande cha sabuni.

"Ukigusa ile," Monga alifoka, "hakuna mwanaume wa kwetu atakuosha. Utakuwa muntu wa nani?"

Phébé aliogopa, tena sana. Aliwaogopa wazee wa ukoo, akaliogopa soko zima. Liwalo na liwe, alijiambia. Akaipokea.

"Ya kwako ingekuwa ya kupewa, shemeji. Hii nimeifanyia kazi."

Akachota maji kwenye beseni pale pale uani, mchana kweupe, mke wa Monga akichungulia mlangoni. Akaosha mikono, akaosha uso, akaosha shingo mpaka nyuma ya masikio. Harufu ya sabuni ikampanda puani naye akalia, akaendelea kusugua huku analia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Priscille alikohoa. "Mama, inabakia kitu kimoja. Sheria yetu ni kupiga namba ya nyumba, mwenye kujibu masuali apokee simu mbele yangu."

Akabonyeza. Simu ikalia mfukoni mwa Monga. Ikalia, ikalia, naye amesimama tu. Phébé akamnyooshea mkono unaochuruzika povu.

"Leta," alisema. "Banaita kwangu."

Monga akaitoa mfukoni, akampa.