Baba Mkubwa wa Jeppestown

Jumanne asubuhi Zuhura, mshonaji wa viti vya magari, alikuta gari geni katika karakana ya Gaston, Jeppestown. Kwa kuwa lilionekana wazi kumzidi umri, aliliamkia.

"Shikamoo," akasema, huku bado anatafuta futi yake ya kupimia.

"Marahaba, mwanangu," gari likajibu kwa lafudhi ya Tanga. "Twalib hajambo?"

"Hajambo, ila miguu tu," akasema Zuhura, akaanza kupima kiti cha dereva.

Gaston, mwenye karakana, akatoa kichwa chini ya pikapu aliyokuwa akiitengeneza. "Bon! Tangu asubui minamusalimia, jambo mzee, jambo mzee, anakatala kunijibu. Hata boneti anakatala kufungula."

Kwao Bukavu mzee husalimiwa jambo na mambo yakaisha. Gari, kwa upande wake, lilikuwa limemwona Gaston hana adabu.

Lilikuwa gari dogo la spoti, la watu wawili, pua ndefu, alumini tupu. Damien, mwenye nyumba kule mtaa wa Observatory, alilikuta chini ya turubai bandani alipohamia. Halikuwa na nembo wala jina popote. Wajuzi wa chama cha magari ya kale walikwisha kulizunguka na tochi zao. Mmoja akaapa ni la Italia, mwingine akaapa ni la Uingereza, wakanuniana. Walikubaliana tu kwamba kila bati lilifinyangwa kwa nyundo na mkono wa mtu, na kwamba huenda hakuna la pili duniani. Damien alilileta kwa Gaston lirekebishwe na litambuliwe kabla ya maonyesho ya Jumapili.

Zuhura alikosea kupima mara mbili, si kwa sababu gari limesema, ila kwa sababu limemtaja baba yake. Twalib alikuwa amechekwa maisha yake yote. Babu yake Zuhura, Mzee Duni, alitoka Tanga ujanani akaja migodini, akahamia karakana moja hapahapa Jeppestown, kisha akarudi kwao na habari kwamba ameunda gari kwa mikono yake, gari zima. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipokufa, kicheko akakirithi mwanawe. Hata Hillbrow, kwenye ghorofa ya tisa anakoishi, Watanga wenzake walimwita Mzee Gari. Sasa miguu ilikuwa imegoma na lifti ya jengo imekufa siku nyingi, na Zuhura alimwomba Mungu kitu kimoja tu, baba yake asiondoke duniani akiitwa mwongo.

Akaweka futi chini. "Nani alikuunda?"

"Duni bin Selemani, kabla hajaoa. Kanilaza juu ya gunia la mchanga, kanigonga kiangazi kizima. Hebu pitisha mkono ndani ya ubavu wangu wa kushoto."

Akapitisha. Ndani ya bati, pale ambapo fundi huweka kiganja kutafuta uvimbe, palikuwa na joto la mkono wa mtu, na kidole cha mwisho hakikuwa na ncha. Mzee Duni aliiacha ncha yake mgodini. Zuhura akauacha mkono wake pale kwa muda, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha viti.

Kisha akafikiri mambo ya ukoo. Kama gari liliundwa kabla babu hajaoa, basi ndilo kifungua mimba, na Twalib amelifuata. Akampigia simu Damien.

"Nimelitambua. Ni baba yangu mkubwa."

Damien akauliza kama baba mkubwa ataweza kufika kwenye maonyesho.

"Ataweza. Ila kwanza akamwone mdogo wake. Anaumwa."

Damien akasema sharp, yaani sawa, mgonjwa lazima atazamwe.

Alasiri ile Baba Mkubwa aliondoka bila ufunguo, Zuhura ameketi ndani. Alisimama kwenye kila robot nyekundu, yaani taa ya barabarani, akafika Hillbrow, akaanza kupanda ngazi za jengo. Kwenye kona alibana mbavu, akawapisha akina mama wenye ndoo za maji. Ghorofa ya tano, Masika msusi alisogeza kiti chake ukutani. "Pole na ngazi, papa," akasema, akaendelea kusuka.

Ghorofa ya tisa, Naseeb, ambaye ndiye aliyebuni lile jina la Mzee Gari, alikuwa mlangoni anakula chipsi. Akaziweka chini, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Twalib anakaa wapi?"

"Mlango wa mwisho," akasema Naseeb, na safari hii hakuwa na mzaha.

Twalib alijiinua kitandani. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nilikuwa bado bati tupu mzee aliponiambia, wa pili ataitwa Twalib."

Hapo Twalib alilia kwa sauti, mtu mzima, bila kuficha uso. "Nilisema mimi!" akapaza. "Miaka yote nilisema!" Ukumbi ukajaa watu na vigelegele, na Naseeb akapiga vigelegele kuwashinda wanawake.

Jumapili Baba Mkubwa alimteremsha Twalib ngazi zote na kumpeleka kwenye maonyesho, na wakapata tuzo ya kwanza. Chama kikasikiliza habari za Duni, kisha kikamtobolea Baba Mkubwa dashibodi na kubandika kibao cha shaba chenye jina la Mzungu aliyekuwa mwenye karakana. Kanuni ya chama ni kwamba aliyeunda ni yule ambaye jina lake lilikuwa juu ya mlango, na zama zile sheria haikumruhusu Mwafrika kama Duni kuitwa fundi. Pale karakanani alijulikana kama mfagiaji. Damien alisikitika kwa dhati, akasema kanuni ndiyo hiyo.

Kisha wakataka gari lizunguke uwanja. Wakajaribu funguo, wakajaribu kusukuma. Kimya. Twalib, ameketi ndani kifua mbele, akawaeleza la kufanya. Mwenyekiti wa chama, mzee wa mvi, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema kwa taabu.

"Marahaba," akajibu Baba Mkubwa, na injini ikanguruma.

Kibao bado kipo, na jina ni lilelile. Kila Jumapili wanachama wanakisugua mpaka king'ae. Wakimaliza, wanavua kofia, wanapanga foleni, na mmoja mmoja wanamwamkia mtoto wa Duni.